Ubavu wa Bi Kamaria

Gari liliposimama mbele ya nyumba yake, Hafidha binti Salman alikuwa barazani akitwanga majani makavu ya mkunazi ya kuoshea maiti, na hakuinua kichwa. Mtu mwenye msiba huja kwa miguu, na kilio chake husikika tangu kona ya msikiti. Wanaokuja na gari la kukodi, wakaziba nusu ya njia ya watu wa mtaa wa Shela, huja kuuliza habari za kitabu. Na habari za kitabu zilikuwa zimemfika shingoni.

Hafidha ni mwosha maiti. Kwa miaka thelathini na zaidi, wanawake wengi wa Kiislamu waliofia mjini Malindi wamepita mikononi mwake. Ameosha mabibi waliokuwa wakimpita njiani bila salamu, na ameosha wauza mbaazi na mahamri. Ndani ya chumba cha kuoshea huoni mpole kama yeye. Akitoka nje ya chumba hicho ana ulimi wa kuchoma, na mtaa mzima unajua. Aliwahi kumfukuza mwalimu wa shule barazani kwake kwa mchi huo huo aliokuwa ameushika asubuhi ile, kwa sababu mwalimu alikuja na wanafunzi kuwaonyesha yeye kama kitu cha makumbusho.

"Shikamoo, mama," alisema msichana aliyeshuka kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Kama ni kitabu, rudini mlikotoka."

Msichana aliitwa Nduku, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Nairobi, aliyeajiriwa kutafsiri. Nyuma yake alishuka Mzungu wa makamo, Rosalind kwa jina, uso umemwiva kwa jua, mkoba wa karatasi ameukumbatia kifuani. Nduku akaeleza kwamba bibi huyu anaandika maisha ya marehemu Honor Pelling, na amekuja kutoka Uingereza kwa ajili ya swali moja tu.

"Moja?" Hafidha akauweka mchi chini. "Wenzake huja nayo mia."

Shaima, bintiye, alitoka ndani na mkeka, akawatandikia wageni kabla mama yake hajapata neno jingine. Shaima ana miaka thelathini, anajifunza kazi ya mama yake, na ana ile adabu ya kumkaribisha mgeni kwanza na kumgombeza baadaye. Hiyo hakuirithi kwa Hafidha. Aliirithi kwa bibi yake, Bi Kamaria, ambaye ndiye chanzo cha hasira yote hii, maskini, bila kosa lake.

Bi Kamaria alizaliwa Siyu, akaletwa Malindi akiwa bibi harusi. Kazi ya kuosha aliifundishwa na mama yake, naye alifundishwa na wake. Alikuwa na beseni la shaba, fimbo ya mtende, paka watatu, nyumba yenye mlango wa kijani, na mazoea ya kuvumisha kaswida puani akitembea. Alikunywa kahawa na kipande cha halua amekiweka shavuni, hakitafuni, kinayeyuka chenyewe. Nayataja haya yote kwa sababu yote yaliibwa.

Aliyeyaiba alikuwa jirani. Honor Pelling alifika pwani hii baada ya vita vikubwa, akapanga nyumba nyeupe upande wa bahari, baadaye akainunua. Honor lilikuwa jina gumu mdomoni, basi watu wakamwita Bi Ona. Hakuwa na mume wala mtoto. Jua liwake au mvua inyeshe, alivaa mikono mirefu mpaka kwenye vifundo na kola iliyofungwa mpaka kooni, na wanawake wa Shela walimsifu kwa haya hiyo. Kwa mwaka mzima alikuja kila alasiri kukaa kwa Bi Kamaria. Alikuwa akimwita "Kamaria" kavukavu, bila ya Bi, na Bi Kamaria akamsamehe kwa ugeni. Akamiminiwa kahawa. Akauliza maswali. Maiti huoshwaje? Kwa nini mnaanza upande wa kulia? Kafuri mnayoitia majini ni ya nini? Mwosha hutazama wapi?

Bi Kamaria alijibu yote. Alidhani mtu anayeuliza mauti kiasi kile anamtafuta Mola wake, na kumfundisha ni thawabu. Akamfundisha hata kanuni ya nyumba yao, ambayo Hafidha aliisikia tangu yuko tumboni na mpaka leo huirudia kila anapofunga mlango wa chumba: mkono ndio unaoona, jicho liwe ukutani. Maiti hufunikwa shuka tangu kifuani mpaka magotini, na mkono wa mwosha, uliovishwa kitambaa, hupita chini ya shuka. Ukikuta jema, useme watu wafurahi. Ukikuta lisilo jema, ulifukie moyoni uzikwe nalo.

Bi Ona aliyaandika haya yote katika daftari dogo la buluu. Mwaka wa sitini na nne kitabu kikatoka London.

Ni kitabu cha watoto, na wanaojua vitabu wanasema ni kizuri. Kaka na dada wa Kiingereza wanakuja likizo katika mji wa pwani, wanamfuata kasa mpaka pangoni, na humo wanagundua siri ya kizee mmoja aitwaye Mama Kafuri. Mama Kafuri huosha maiti. Huwavua pete na vipuli wakiwa mikononi mwake, na dhahabu huificha pangoni. Ana beseni la shaba. Ana paka watatu, mlango wa kijani, fimbo ya mtende, na halua shavuni. Bi Kamaria alikuwa na miaka thelathini na tisa kitabu kilipoandikwa. Humo ndani akafanywa kikongwe.

Halafu kuna mlango wa mwisho wa kitabu, ule ambao watoto wa Uingereza wanaujua kwa moyo. Mama Kafuri anawafukuza wale watoto kwenye miamba, nguo yake inanasa, inamvuka, na wao wanauona ubavu wake. Umeungua wote, tangu begani mpaka nyongani, ngozi imekunjana kama karatasi iliyotolewa motoni. Yule mvulana anasema: moto umemjia mapema kwa alivyowaibia wafu.

Kwa miaka ishirini Malindi haikujua lolote. Nani angelijua? Kilikuwa kitabu cha Kiingereza cha watu wa mbali. Kisha mwaka wa themanini na tatu kikatolewa kwa Kiswahili, kwa ufupi na kwa picha, kikagawanywa shuleni. Haikupita wiki mbili, watoto wakaanza kumfuata Bi Kamaria njiani wakiimba, "Mama Kafuri, vua tuone!"

Sasa utazame ubaya wa jambo hili, maana watu wengi hawautazami. Lau kizee cha kitabu kingepewa jicho bovu au pua iliyokatika, mji ungemwangalia Bi Kamaria ukasema, la, siye huyu. Lakini Bi Ona alaama yake aliiweka pale ambapo mwanamke mwenye heshima hapaonyeshi. Bi Kamaria angefanyaje? Avue nguo sokoni? Mumewe, Salman, aliyekuwa mtu wa pekee wa kuweza kuapa, alikuwa amekwisha kufa. Basi kila kitu kingine kilikuwa kweli, beseni kweli, paka kweli, halua kweli, na watu wakaona hilo moja lililofichika nalo litakuwa kweli. Na kama ameungua, hakuungua bure.

Mwaka uliofuata alifariki bibi mkubwa wa nyumba ya akina Farjallah. Bi Kamaria aliitwa, akaosha, akasuka nywele, akafunga sanda, akatoka na beseni lake. Mlangoni walisimama mabinti wawili wa marehemu, aliowajua tangu wananyonya.

"Bi Kamaria, utuwie radhi," mkubwa akasema. "Kung'uta leso yako."

Akaikung'uta. Akakung'uta na mikono ya nguo. Hakikuanguka kitu kwa sababu hapakuwa na kitu. Yule mdogo akasema polepole, "Na ndani?" na macho yake yakashuka ubavuni mwa mama wa watu.

Bi Kamaria akaliweka beseni chini, palepale kizingitini, akaenda zake kwao. Hakuosha tena maiti mpaka alipokufa. Beseni alikwenda kulichukua Hafidha, wakati huo mke mchanga wa miaka ishirini na miwili, na maneno aliyoyasema siku ile katika nyumba ya Farjallah hayaandikiki.

Alitoka hapo moja kwa moja mpaka nyumba nyeupe, beseni mkono mmoja, kitabu mkono wa pili. Alimkuta Bi Ona bustanini anakunywa chai.

"Umemfanya nini mama yangu?"

Bi Ona alimwangalia kwa upole, na upole ule ndio Hafidha hajausamehe. "Lakini Hafidha, ni hadithi tu. Watoto wanajua ni hadithi."

"Watoto wanamtupia mawe!"

"Basi wafundisheni," akasema, akamkaribisha chai.

Hafidha alirudi nyumbani. Mama yake, ambaye hakujua kusoma herufi za kizungu, akamwomba amsomee kitabu chote, tangu mwanzo. Hafidha akakataa. Mama akashikilia. Basi akamsomea, anasoma huku analia kwa ghadhabu, na Bi Kamaria anasikiliza ametulia na paka mapajani. Kilipokwisha aliuliza jambo moja tu: "Na wale watoto, walifika kwao salama?"

Laiti angalikasirika! Hafidha aliomba miaka saba mama yake akasirike japo mara moja. Hakukasirika. Alikonda tu, akaacha kwenda harusini, akaacha kuvumisha kaswida, na mwaka wa tisini na moja akafa. Hasira aliyoiacha bila kuitumia ilibaki kwa binti, na binti ameitumia mpaka leo hajaimaliza.

Yote haya Rosalind alikwisha kuyasikia mjini, au sehemu yake. Alikaa mkekani kwa adabu, akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyopigwa picha. Alisema maneno machache, akamngoja Nduku, akasema tena.

"Anasema hii ni karatasi ya hospitali, mama. Ya mwaka elfu moja mia tisa thelathini na moja. Nyumba moja iliungua huko kwao. Mtoto mdogo wa kiume akafa ndani. Dada yake akatolewa akiwa hai, ameungua ubavu mmoja, begani mpaka kiunoni. Alikuwa na miaka tisa. Jina la ukoo ni Pelling."

Hafidha aliipokea karatasi, akaigeuza, akairudisha.

"Anasema jina la kwanza limefutika. Kuna wataalamu wanasema ni mtoto mwingine, wa ami yake. Yeye Honor hakuwahi kusema lolote maisha yake yote. Madaktari wote wamekufa. Hakuna picha hata moja ambayo mikono yake iko wazi." Nduku akamgeukia Rosalind, akasikiliza. "Anasema aliyeuona mwili wake ni wewe peke yako."

Rosalind akainama mbele. Macho yake yalikuwa na njaa, lakini njaa ya mtu mwema, ikiwa kuna njaa ya namna hiyo.

"Anasema kama alaama ilikuwa yake, basi Mama Kafuri si mama yako. Ni Honor mwenyewe. Alichukua aibu yake akamvika mama yako. Anasema ataiandika hivyo, wazi, sura nzima, na kila atakayesoma kile kitabu baada ya hapo atajua. Lakini anahitaji jicho lililoona. Bila hivyo ni dhana tu."

Sauti za watoto wa madrasa zilisikika kutoka mtaa wa pili. Shaima alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa, hakumbuki kuitua.

"Njooni kesho, saa nne," Hafidha akasema, akaushika mchi wake.

Mama na binti walikula chakula cha mchana bila ya kuzungumza. Shaima alivumilia mpaka wali ukaisha.

"Mama, utamwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mimi mtoto. Ulimwosha wewe! Miaka ile yote nimekusikia ukilia kwa ajili ya bibi, leo mlango umefunguliwa, mtu kaja mwenyewe na kalamu, nawe unaniuliza nini? Neno moja tu, mama. Moja! Bibi atoke ndani ya kile kitabu."

"Na lile nililokufundisha?"

"Ulinifundisha tusiwaaibishe wafu. Bi Kamaria naye si maiti? Mbona yeye anaaibishwa kila siku? Wamemchora ukutani kule nyumba nyeupe, mama, kwa ajili ya watalii, na ubavu wake uko nje! Yule bibi wa Kizungu ana haya gani ya kulindiwa? Alimlindia nani?"

Hafidha alipiga sahani kwa kiganja. "Unadhani mimi sijui? Unadhani mimi simchukii? Nilimchukia kabla hujazaliwa!"

Alitoka uani, akasimama penye birika kubwa la kuhifadhia maji. Kilichomchoma zaidi hakuwahi kumwambia Shaima. Bi Ona alisilimu uzeeni, miaka miwili kabla ya kufa, na mji ukafurahi, na huenda alikuwa mkweli. Hilo analijua Mola. Lakini alipofariki, mwaka wa elfu mbili na sita, ilikutwa karatasi mezani kwake: nioshwe na binti wa Kamaria. Watu walisema ni kuomba radhi. Hafidha hakukubali hata siku moja. Bi Ona aliijua ile kanuni. Alifundishwa na Bi Kamaria mwenyewe, kwa kahawa ya Bi Kamaria, akaiandika katika daftari la buluu. Katika dunia nzima alimtafuta mtu mmoja ambaye, hata angekuta nini, asingeweza kusema. Alimvika mama alaama kwa kuwa mama hawezi kuvua, kisha akajikabidhi kwa binti kwa kuwa binti hawezi kufumbua mdomo. Mara mbili, kwa heshima ile ile ya watu wale wale! Hafidha alikuwa akilifikiria hilo mpaka meno yanamuuma.

Na alikwenda. Alikwenda na beseni la shaba, akafunga mlango, akamwosha. Kama jicho lake lilibaki ukutani siku ile, na mkono wake ulikuta nini au haukukuta, hapo hata hadithi hii inafunga mlango. Yeye hajamwambia mtu, na aliyesimulia haya hakuambiwa.

Lakini kulikuwa na siku nyingine, ya kabla, na hiyo ndiyo aliyokuwa akiitazama ndani ya maji ya birika.

Wageni walirudi saa nne kamili. Hafidha alikuwa amevaa nguo zake za kwenda msibani, kanzu nyeupe na mtandio mweupe, naye alikuwa ameketi juu ya kigoda kama anayesubiri kuitwa. Shaima alikuwa pembeni, uso umemvimba. Rosalind alifungua daftari, na Hafidha alipoliona akasema, "Angalau lako si la buluu." Nduku hakujua atafsiri vipi, akaliacha.

"Mwambie hivi. La Bi Ona sitasema. Hata mumlete mbele yangu amefufuka, sitasema. Atafute kwa madaktari wao na karatasi zao. Mimi ni mwosha, na mwosha akisema, kesho nani ataniachia mama yake?"

Nduku akatafsiri. Mabega ya Rosalind yakashuka. Shaima akageuza uso ukutani.

"Sijamaliza! Mwambie asifunge." Sauti ya Hafidha ilikuwa ya ugomvi, kana kwamba wote waliopo wamemkosea. "Tuna ruhusa ya kusema jema. Na mimi jema ninalo, nimekaa nalo miaka thelathini na zaidi, sikulisema kwa sababu kulisema ni kujivua nguo mwenyewe. Leo nitajivua. Mama yangu nilimwosha mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, na sikutaka mtu mwingine amguse. Nikafunga mlango, nikamfunika shuka kama alivyonifundisha, nikaanza upande wa kulia. Mkono ukapita ubavuni. Mkono ukanambia hapana kitu, ngozi laini, ngozi ya mtu tu. Mkono ndio unaoona, sivyo? Mama alinambia hivyo mara elfu."

Nduku aliacha kutafsiri, akawa anamtazama.

"Sikuuamini. Wallahi sikuuamini mkono wangu. Mimi, mtoto wake, niliyelala ubavuni mwake miaka yote ya utoto wangu! Kile kitabu kilikuwa kimeniingia na mimi. Nikasema huenda ni juu zaidi, huenda ni nyuma. Nikafunua shuka. Nikamtazama mama yangu uchi, nikamgeuza huku na huku kwenye mwangaza, namtafutia kosa, sawasawa na wale mabinti wa Farjallah. Wao walimwambia akung'ute leso. Mimi nilimvua yote."

Shaima alikuwa ameufunika mdomo kwa kiganja.

"Mwambie huyo bibi aandike. Bi Kamaria hakuwa na alaama. Tangu nywele mpaka unyayo, hakuwa na doa, hakuwa na kovu, hata la kisu cha jikoni. Anataka jicho lililoona, jicho ndilo hili. Liliona kwa dhambi, lakini liliona."

Nduku alitafsiri yote, polepole. Rosalind aliandika, akasita, akauliza kitu kwa sauti ndogo.

"Anauliza kama unaruhusu aandike kwamba ulitazama. Anasema anaweza kuandika bila hilo."

"Bila hilo itajulikanaje kuwa ni kweli? Aandike, na jina langu aliweke. Hafidha binti Salman, mwosha, wa Shela. Na mama yangu amwandike Bi Kamaria. Asiisahau hiyo Bi. Mwenzake aliisahau maisha yake yote."

Rosalind aliinua kichwa. Alikuwa na machozi, lakini alikuwa vilevile mtu aliyesafiri kutoka mbali, na kalamu bado ilikuwa mkononi. Akauliza mara ya mwisho.

"Anasema samahani, mama. Anasema basi kuhusu Honor, hakuna lolote? Hata neno?"

Hafidha alimkazia macho Mzungu yule mpaka ikadhaniwa atauchukua mchi.

"Lipo," akasema. "Alikuwa na nywele nzuri. Nyeupe, laini, nyingi kuliko umri wake. Nilimsuka mikia mitatu na nikailaza mgongoni, kama tunavyowafanyia wote. Hilo ni jema, naruhusiwa. Aliandike."

Rosalind aliliandika. Wakaaga, Nduku akambusu mkono Hafidha jambo ambalo hakufundishwa na mtu, na gari likaondoka, njia ya watu wa Shela ikafunguka.

Hafidha alibaki juu ya kigoda. Alingoja bintiye aseme neno, amlaumu, au aingie ndani na kufunga mlango. Shaima alikusanya vikombe, akavipanga kwenye sinia, akavipanguapangua tena.

"Shaima."

"Labeka, mama."

"Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayeniosha."

"Inshallah, mama."

"Jicho lako liwe ukutani."

Shaima akaitua sinia chini, akauchukua mchi, akaketi penye kinu. "Litakuwa ukutani, mama," akasema, akaanza kutwanga.